Guu Lililovunjika Halikuwa Langu

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwanangu, hapa hapa Doha, nimekaa kwenye kiti cha plastiki na kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, mapajani, nina uhakika kwamba naujua wimbo kuliko mwenye wimbo. Nitakusimulia yote. Lakini kwanza niache nipumue, maana tangu Ijumaa iliyopita nimejaa hasira hata chai hainishuki vizuri.

Unajua kilichonikasirisha, Brayo, kwa sababu ni wewe. Pale kanisani Mesaimeer kwenye mazoezi ya kwaya, Mama Nafula alikuwa akituanzishia wimbo. Alikuwa ametoka zamu hospitalini moja kwa moja, viatu vyake vyeupe vya uuguzi bado miguuni. Wimbo ule alifunzwa na mamake huko Bungoma, na mstari wa tatu huwa anauvuta, anaushikilia kidogo, ndipo anaushusha. Wewe ukaondoa mikono kwenye kinanda. “Zii, mathe, hiyo haiendi hivyo,” ukasema. “Cheki, iko hapa.” Ukamsogezea simu. Simu! Mama wa watu akarudi safuni. Mchana ule wote hakuimba tena, alikuwa akifungua mdomo tu, na wewe hata hukuona kwa sababu macho yako yalikuwa kwenye vidole vyako.

Nilitaka kukufokea mbele ya watu. Nilijizuia kwa sababu moja tu: niliyatambua makosa yangu mwenyewe yamekaa pale kwenye kinanda, yamevaa fulana yako. Kwa hiyo kaa hapo. Hiyo simu ilaze kifudifudi. Hapana, isogeze mbali zaidi.

Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Sikuwa mtoto, ndevu zilikuwa zimeshaota ingawa akili ilikuwa bado njiani. Sasa nakaribia hamsini, na hapa ugenini mtu wa umri huo mnamwita mzee, basi leo nitautumia uzee huo mlionipa. Mesaimeer hakukuwa na kanisa hata moja. Tulisali sebuleni mwa watu na kuimba kwa sauti ya chini. Lusail, huko unakolinda maghorofa, kulikuwa mchanga mtupu. Mimi nilikuwa mlinzi wa geti katika kompaundi moja ya nyumba za Wazungu, walimu na wahandisi. Nafungua geti, nafunga geti, naandika namba za magari. Kazi hiyo huchosha akili kuliko miguu, na usibishe, wewe mwenyewe unaifanya.

Jumamosi moja alasiri nikasikia njuga. Njuga, mwanangu, katika kompaundi ya Wazungu! Nikachungulia ndani. Watu wazima sita wamevaa nguo nyeupe, wamefunga njuga chini ya magoti, wanapunga leso nyeupe za mkononi na kurukaruka kwenye nyasi kando ya bwawa la kuogelea. Odhiambo, mwenzangu wa zamu, alishika tumbo kwa kicheko.

“Buda, hawa wamechizi ama ni jua?”

Nikacheka naye, lakini masikio yangu hayakucheka. Walikuwa wakicheza kwa kaseti, na chombo kilichokuwa kikilia kwenye kaseti ile kilikuwa kodiani ya vitufe, aina ile ile aliyokuwa akipiga baba yangu kwetu Murang’a. Baba alipigia mwomboko, ngoma ya wazee wetu ya kushikana wawili wawili, hatua mbili kisha mnainama. Mimi mwenyewe niliijua kodiani kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Nikawaacha wamalize, nikaenda kuwaambia kwamba mlinzi wao wa geti anajua kupiga kile chombo. Walitazamana kwanza. Halafu mmoja akakimbia ndani akarudi na kodiani yenye vumbi, iliyoachwa na mwalimu mmoja aliyekuwa akiwapigia kabla hajarudi kwao. Nikaipuliza vumbi, nikawapigia mwomboko, na wale Wazungu wakapiga makofi mpaka nikaona haya.

Kiongozi wao alikuwa Mista Harold, mhandisi wa mabomba ya maji, mrefu, mkimya, miaka yake kama sitini. Ngoma yao inaitwa morisi, na ni yeye aliyenifundisha nyimbo zake, moja baada ya nyingine, kwa mluzi. Hakuwa na haraka. Alinieleza kwamba huko Uingereza wimbo mmoja unaweza kuchezwa katika vijiji kumi, jina lile lile, na kila kijiji kikawa na namna yake. Hiki hurudia kipande cha pili mara mbili, kile mara nne. Hapa leso hurushwa juu, pale huzungushwa. Wengine hupiga wimbo mbiombio, na jirani zao wa ng’ambo ya kilima huupiga polepole wakiapa kwamba ndio wenye wimbo. Ukipeleka namna ya kijiji kimoja kwenye nyasi za kijiji kingine, watu hununa.

Hilo halikunishangaza hata kidogo. Kwetu, mpigaji wa Nyeri akija Murang’a na kuinamisha wimbo mahali pasipo pake, wazee huacha kucheza na kwenda kuketi. Nimeyaona kwa macho yangu, na nilimcheka mpigaji yule kuliko watu wote. Lishike hilo, maana ndilo linalonifanya nijikasirikie hadi leo. Nilikuwa najua.

Kijiji cha Mista Harold kilikuwa na jambo moja ambalo vijiji vingine havina. Katika wimbo wao mkuu, kwenye mruko wa tatu, kiongozi huruka peke yake, juu kabisa, leso zote mbili hewani, na muziki humngoja. Haukatiki. Sauti moja hubaki ikilia mpaka mguu wake uguse ardhi, ndipo wimbo unaendelea na wenzake wanaingia. Kwingine kote wimbo hupita pale bila kusimama.

“Kwetu hakuna anayeucheza tena,” aliniambia siku moja tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nyumba yake. “Babu aliongoza, kisha baba. Vijana wakahamia mijini, kundi likafa. Nimebaki mimi na magoti haya.”

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa sita, na baada ya hapo hakuwa na ndoto ya kuruka tena. Wale watano aliokuwa nao walikuwa wa miji tofauti. Alikuwa amewafundisha hatua zote kwa miaka miwili. Kilichobaki ni ule mruko. Siku ya kwanza ya mwezi wa tano, kwao, ngoma hii huchezwa jua likichomoza, na siku hiyo alitaka kuwakabidhi. Angeruka mara ya mwisho, kwa nguvu zake zote, wao wauone mguu na mimi niuone mguu, kisha kila mmoja auchukue aende nao atakakokwenda. Katika mazoezi alikuwa akiruka kidogo tu, kuyaokoa magoti.

“Usitazame vitufe,” alinikumbusha kila Jumamosi. “Nitazame mimi.”

Kila Jumamosi! Nikaanza kuchoka naye, kama wewe unavyochoka nami sasa. Nimekuona ukitupia jicho ile simu. Nikajiambia, huyu mzee kile kituo amekitunga kwa sababu magoti yamechoka. Maana kwa mpigaji, mwanangu, kusimama katikati ya wimbo uliokolea ni adhabu. Vidole vinawasha. Nilitaka watu wasikie jinsi Mkikuyu anavyoweza kuukimbiza wimbo wa Wazungu.

Basi nikaenda kwenye duka moja la intaneti kule Fereej Bin Mahmoud nilikokuwa nikiishi, nikatafuta jina la wimbo ule. Ukatokea. Wanaume sita, nyasi za kijani, njuga, kila kitu, na pale kwenye mruko wa tatu muziki ulipita bila kusimama. Niliutazama mara nane. Mwenye duka aliniita, “Yalla, sadiki, muda umekwisha,” nikamwomba mara ya tisa. Maneno yaliyoandikwa chini ya picha sikuyasoma. Yalitaja jina la kijiji, na hakikuwa kijiji cha Mista Harold.

Nilimweleza Odhiambo tukiwa getini, nimevimba kwa ujuzi wangu mpya.

“Mzee anakosea. Nimeona yenyewe.”

“Manze, mwenye ngoma ni huyo mzee,” akasema. “Wewe finya tu vile anataka.”

“Anaficha magoti. Nikiupiga vizuri nitamwokoa asiaibike mbele ya watu.”

“Kwa hivyo wewe ndiye mudir, bosi wa magoti yake?”

Nikarudi kuandika namba za magari. Odhiambo hakujua kodiani wala morisi, alijua adabu tu, na siku hiyo adabu niliiona kitu kidogo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi ningemuuliza Mista Harold swali moja tu, “Mbona nimeona tofauti?”, angenieleza kwa furaha mpaka jioni. Sikuuliza. Nilitaka kumshangaza.

Ikafika siku yenyewe. Adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha, joto bado halijapanda, na wakazi wa kompaundi walikuwa wametoka na vikombe vyao vya chai na watoto waliovaa nguo za kulalia. Mista Harold alikuwa amefunga njuga mpya. Alikuja akasimama mbele ya kiti changu, akanigusa bega. “Nitazame mimi,” akasema kwa mara ya mwisho, nami nikaitikia kwa kichwa kama kijana mwema.

Tulianza vizuri. Mruko wa kwanza, safi. Wa pili, safi, na watu wakaanza kupiga makofi. Kumbe alikuwa ameyaweka akiba magoti yake kwa siku ile. Alipoupanda mruko wa tatu, alipanda juu kuliko nilivyowahi kumwona, leso zimefunguka pande mbili, na wale watano wamekodoa macho wakiutazama mguu wake. Mimi nilikuwa nikitazama vitufe. Nikaupitisha wimbo moja kwa moja kama nilivyouona kule dukani, tena kwa madoido.

Mtu akiwa hewani hana pa kushika isipokuwa muziki. Alisikia kipande kinachofuata kimeanza kabla yake, akajaribu kuuharakisha mguu uwahi, ukatua upande. Njuga zililia mara moja tu, vibaya. Kisha nikasikia mke wa jirani akipiga kelele, na aibu ya aibu, mwanangu, vidole vyangu viliendelea kupiga kidogo kabla sijainua macho. Mguu ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. Sote tumelelewa kwa ule msemo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye sikusikia la mkuu, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Nilingoja siku nne kabla ya kwenda hospitalini, kwa woga. Nilibeba machungwa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu ya toba kwa Kiingereza, nimeyakariri njia nzima. Nilimkuta amelala mguu umeinuliwa, na hakuniruhusu hata nianze.

“Mguu utapona,” akasema, na masikio yake yalikuwa mekundu kwa hasira. “Niambie jambo moja. Mimi nilipokuwa juu, wewe ulikuwa unatazama nini?”

“Vitufe.”

“Vitufe! Vitufe vingeenda wapi?”

Nikamweleza habari ya duka la intaneti. Alifumba macho, akanitajia jina la kijiji kile kabla sijamaliza kueleza. “Ni ng’ambo ya kilima,” akasema. “Ni wimbo wao, nao wako sahihi kabisa. Kwao.” Halafu akageuzia uso ukutani, nami nikayapanga machungwa juu ya meza, nikayapangua, nikayapanga tena.

Mwishowe akaniambia nilete kodiani. Nilikwenda mara tatu kabla hajasafiri. Wauguzi walituruhusu mchana, mlango ukiwa umefungwa. Alipiga mluzi nami nikafuata, na tulipofika mruko wa tatu alinionyesha kwa kidole muda wa kungoja. Nikaupiga. “Hapana, mrefu mno.” Nikapiga tena. “Mfupi.” Yeye mwenyewe alipiga mluzi mara tano, na kila mara kituo kikatoka tofauti. Akakasirika, akapiga ukingo wa kitanda kwa ngumi mpaka glasi ya maji ikaruka. “Sijawahi kuuhesabu!” akasema. “Baba yangu hakuuhesabu. Mguu ndio unaojua!” Na mguu wenyewe ulikuwa pale mbele yetu, umefungwa plasta, hausemi kitu.

Mara ya tatu hakujaribu tena. Alinishika mkono, akanishukuru kwa machungwa. Aliondoka mwezi wa sita kwa kiti cha magurudumu, na wale watano wakatawanyika na mikataba yao, huyu Dubai, yule Singapore. Miaka michache baadaye mmoja wao aliniandikia kwamba Mista Harold amefariki, na kwamba hakucheza tena.

Kodiani ile waliniachia. Iko chini ya kitanda changu, na wimbo ule naujua wote, kila kitufe. Nikifika mruko wa tatu nasimama, kwa heshima, na hapo ndipo ninapopotea. Sijui nisubiri kiasi gani. Nimeupiga zaidi ya miaka kumi na sijawahi kupatia, na hata nikipatia sitajua, maana aliyekuwa na mizani yake nilimwangusha mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma, Brayo, kuliko hata mguu. Mguu ulikuwa wa mtu mmoja. Mruko ule ulikuwa wa kijiji kizima, ulivuka bahari na jangwa ukafika salama mpaka mbele ya kiti changu, ukafia hapo.

Sasa sikiliza, na usinijibu bado. Sikukatazi simu. Ingekuwa unafiki, mimi hujifunza humo nyimbo kila wiki. Lakini simu itakupa wimbo wa mtu fulani, wa mahali fulani, siku fulani, nao utakuwa sahihi kwao. Haikuambii wimbo wa huyu aliye mbele yako. Ukiona mkubwa anafanya jambo tofauti na ulivyojifunza, usikimbilie kusema amekosea. Muulize kwanza, na umuulize angali na pumzi na miguu, maana majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu wangu mimi nimemlea miaka mingi, anakula sana. Na ukipigia watu muziki, ondoa macho kwenye vidole. Vidole vyako havitakwenda popote.

Mama Nafula anaushikilia ule mstari wa tatu kwa nini? Sijui. Huenda mamake alikuwa akiwangoja walio nyuma wavute pumzi, huenda alikuwa na mtoto mgongoni wa kutuliza. Nawe hujui, kwa sababu hukuuliza, ulisema zii. Mkataba wake unaisha Desemba, anarudi Bungoma kwa ng’ombe wake, na hakuna mwingine hapa anayeujua wimbo huo. Basi Ijumaa hii utafika mapema. Usimletee maelezo yako, hana haja nayo. Mwambie pole, kisha mwombe akuimbie kinanda kikiwa kimefungwa, wewe umkazie macho mdomoni na kifuani, mpaka ujue anaposhuka kabla hajashuka. Akirudia mara ishirini, nawe sikiliza mara ishirini. Ukimaliza, nipigie nikusikie, na nakuapia nitaacha kununa.

Haya, chukua simu yako uende, usichelewe zamu. Mungu akubariki, mwanangu, akulinde kwenye maghorofa yako na barabarani, akurudishe kwenu ukiwa na miguu yako yote miwili. Na siku utakapokuwa umeruka juu, huna pa kushika, akupe mtu chini ambaye macho yake yako kwako, anayekungoja utue.